Nani Kapika Leo? Safari ya Pombe Mpya Kuingia Mpanda na Katavi

Pombe ya nafaka haingoji mtu. Ikiiva leo jioni, kesho bado ni tamu, na kesho kutwa imechacha kiasi cha kubaki na wale wasiochagua. Ndiyo maana mnywaji wa Katavi, tangu zamani, alihitaji habari kabla ya kuhitaji fedha: nani kapika, wapi, kwa nafaka gani, na itaiva siku ipi. Upenzi wa kufuatilia bia mpya, ambao mijini leo hutegemea simu na mabango, huku ulianza kama kazi ya masikio.

Masikio hayo yalisikiliza pia njia. Ukichunguza vinywaji vilivyoingia katika nchi hii ya miombo kati ya Tabora, Ufipa na Ziwa Tanganyika, utaona kwamba kila kipya kilikuja na watu wapya. Walikuwapo wapagazi wa misafara, wachimba madini, wakimbizi wa vita na wafugaji waliotafuta malisho, na mwishoni yakaja malori ya kreti. Aliyetaka kujua kuna kinywaji gani kipya alitakiwa kwanza kujua ni nani amehamia.

Nafaka na asali

Wenyeji wa nchi hii, Wapimbwe wa upande wa Usevya na Mamba, Wakonongo wa upande wa Inyonga na Wabende wa kuelekea ziwani, walikuwa na malighafi mbili. Ya kwanza ilikuwa nafaka: mtama na ulezi, na baadaye mahindi, ambayo asili yake ni Amerika na ambayo polepole yalitwaa mashamba. Ya pili ilikuwa asali. Msitu wa miombo una maua mengi na watu wachache, na mizinga ya magogo na ya magome ya miti ilitundikwa mbali ndani ya pori, mahali ambapo mrina asali alikwenda akalala huko siku kadhaa.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita Unyamwezi akielekea Ujiji kati ya mwaka 1857 na 1858, alieleza katika kitabu chake cha 1860 jinsi pombe ilivyopikwa katika nchi za bara. Nafaka ililowekwa mpaka ikachipua, ikatwangwa, ikachanganywa na unga, ikachemshwa zaidi ya mara moja katika vyungu vikubwa, ikachujwa na kuachwa ichachuke. Mara nyingine iliongezwa asali. Msomaji wa leo anayemjua mpika pombe yeyote wa kijijini ataona kwamba hatua hizo hazijabadilika sana katika miaka zaidi ya 160.

Zina sababu zake. Punje ya ulezi inapochipua hutengeneza vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mpishi huikausha punje hiyo juani ili isiendelee kukua, kisha huisaga. Hicho ndicho kimea. Kimea kikitiwa ndani ya uji uliopoa kiasi, uji hulainika na kuwa mtamu. Ukiunywa wakati huo ni togwa, na mtoto hupewa. Ukiachwa, hamira ya asili iliyomo katika kimea na katika kuta za chungu kisichooshwa kwa sabuni hula ile sukari na kutoa kileo. Pamoja nayo hufanya kazi bakteria wa uchachu, na hao ndio wanaoipa pombe ukali wake na kuifupishia maisha. Mpishi mmoja hutofautiana na mwingine kwa muda wa kulowesha, kwa kiasi cha kimea, kwa kuni, kwa chungu. Kwa hiyo hata pale ambapo nafaka ilikuwa moja, pombe za nyumba mbili jirani hazikuwa moja, na wanywaji walijua hivyo.

Asali ilikuwa na hesabu nyingine. Wanzuki, pombe ya asali inayojulikana sana katika nchi za Unyamwezi na jirani zake, ilifuata msimu wa urinaji. Asali ya msimu mmoja hutokana na maua ya miti fulani na ya msimu mwingine na miti mingine, nayo hutofautiana rangi na harufu. Mpenzi wa wanzuki alikuwa na jipya la kuonja kila msitu ulipobadilisha maua, bila mpishi kubuni chochote.

Pombe haikuwa bidhaa tu. Ilikuwa malipo ya kazi ya pamoja: mwenye shamba alipika, majirani wakaja na majembe, na jioni kazi ikamalizwa kwenye mtungi. Ilikuwa ya matambiko, ya mahari na ya msiba. Misafara ilipoongezeka katika karne ya 19, nchi ikazidi kuonwa na wageni. Mnamo Oktoba 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alizunguka kupitia Ukonongo ili kukwepa vita vya mtemi Mirambo karibu na Tabora. Katika njia kama hizo Wanyamwezi, Waswahili wa pwani na wenyeji walikutana vijijini, wakanunua chakula na wakalinganisha vinywaji. Mpagazi aliyetoka mbali alikuwa ndiye mleta habari wa kwanza wa pombe za kwingine.

Risasi inaleta reli

Enzi ya Wajerumani na ile ya Waingereza zilipoanza, Mpanda haikuwa mji. Ugonjwa wa malale uliifanya serikali ya kikoloni, hasa katika miaka ya 1920 na 1930, kukusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja, na mapori makubwa yakabaki bila wakazi. Kilichozaa mji ni madini. Risasi iligunduliwa eneo la Mpanda katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikajenga mgodi. Ili kuutoa mzigo huo, tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, umbali wa takribani kilomita 210, likakamilika karibu na mwaka 1950.

Reli ililetwa kwa ajili ya risasi, lakini ilibeba mengi. Mgodi ulihitaji vibarua, na vibarua walitoka Ufipa, Buha, Unyamwezi na kwingineko. Kila kundi lilikuja na ulimi wake. Wafipa walizoea pombe ya ulezi, zao walilolilima katika matuta yao maarufu yaliyofukiwa majani. Waha walijua pombe ya ndizi. Tanganyika nzima, penye mshahara wa mwezi hapakukosa mwanamke mwenye mtungi, kwa sababu upishi wa pombe ulikuwa mojawapo ya njia chache za mwanamke kupata fedha bila kuomba ruhusa ya mwajiri wala ya mume. Kwa mara ya kwanza, mnywaji wa Mpanda aliweza kuchagua kati ya pombe za makabila kadhaa ndani ya mwendo wa miguu.

Serikali iliitazama pombe hiyo kwa jicho la wasiwasi na la mapato. Sheria za kikoloni zilitaka leseni, zikaweka saa za kufungua na kufunga, na zikasukuma unywaji uhamie kwenye kilabu, mahali panapoweza kusimamiwa na kutozwa ushuru. Kilabu kilibadilisha mambo mawili. Pombe ya nyumbani iliyoitana na kazi ya shamba sasa ikawa na mahali pake na saa zake. Na habari ya nani kapika, ambayo zamani ilipita nyumba kwa nyumba, ikapata kituo: ukifika kilabuni unakuta wapishi wamekaa na ndoo zao, unaonja kwa kata, unachagua.

Katika mabehewa ya reli hiyohiyo ilikuja pia bia ya chupa. Kiwanda cha Tanganyika Breweries kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Miaka miwili baadaye kilinunuliwa na Kenya Breweries, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao. George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu hiyo. Lakini kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza, chupa hizo hazikuwa za kila mtu. Vinywaji vya Kizungu viliwekewa Waafrika vizuizi na vibali, na masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Kwa hiyo kibarua wa mgodi aliijua bia kwanza kwa kuiona ikishushwa stesheni na kupelekwa kwa wakubwa. Ilipokuja kuruhusiwa, kuinywa kulikuwa tamko: kwamba mtu ana mshahara, na kwamba yu sawa na aliyekuwa akimzuia.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Reli ilibaki, na mji uliokuwa umejikusanya kuizunguka nao ukabaki.

Waliokuja kwa miguu

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafukuza watu wengi kuvuka mpaka. Tanzania iliwapa ardhi katika mapori yaleyale yaliyokuwa yamehamwa. Katumba, karibu na Mpanda, ilianzishwa mwaka 1973, na Mishamo, kaskazini magharibi zaidi, mwishoni mwa muongo huo. Kila familia ilipewa eneo la kulima, na baada ya miaka michache makazi hayo yalikuwa yakilisha sehemu kubwa ya wilaya kwa mahindi, mihogo na maharage.

Walikuja pia na ujuzi wa vinywaji viwili. Impeke ni pombe ya mtama, inayonywewa kwa mirija kutoka mtungi mmoja uliowekwa katikati ya watu. Urwarwa ni ya ndizi: ndizi zilizoivishwa hukamuliwa, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa kidogo, na huachwa yachachuke. Migomba ilipokua katika makazi mapya, urwarwa ulirudi. Mtu wa Mpanda aliyependa kuonja visivyo vya kwao hakuhitaji kuvuka mpaka. Ilimtosha kushuka treni Katumba. Watu hao walikaa kama wakimbizi kwa zaidi ya miaka 30 kabla Tanzania haijaamua kuwapa uraia wapatao 162,000 miongoni mwa wakimbizi wa 1972, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mtungi wao ulikuwa umeshapokewa zamani kabla ya karatasi zao.

Kundi jingine lilikuja na ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walisogea kusini wakitafuta malisho na mashamba, wakaenea hadi bonde la Rukwa na Mpimbwe. Wanaanthropolojia waliofanya kazi Mpimbwe tangu miaka ya 1990 wameonyesha jinsi wenyeji na wahamiaji hao walivyokaa kijiji kimoja wakifuata njia tofauti za maisha, na jinsi upishi wa pombe ya mahindi ulivyo chanzo kikubwa cha fedha kwa wanawake wa Kipimbwe. Fedha hiyo ndogo ya kila wiki hununua sabuni, daftari na dawa. Wakati wa njaa, mahindi yanapopanda bei, mtungi hukauka kwanza, na mapato ya mama nayo hukauka pamoja na starehe ya mnywaji.

Chupa inayofanana kila mahali

Huku vilabu vikizidi kuwa na aina nyingi, bia ya chupa ilikwenda upande wa pili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilichukua hisa katika kiwanda cha Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, bia ya Safari ikaanza kutengenezwa, na kwa muda mrefu ikawa ndiyo bia ya taifa. Katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokosekana, kiwanda kilikosa kimea, vizibo na vipuri. Bia ikaadimika nchini kote. Mwenye harusi alitafuta kreti kwa kujuana, na mtu wa Mpanda, mwisho wa reli, alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Habari pekee ya bia ilikuwa kama ipo au haipo.

Mwaka 1993 serikali iliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini, South African Breweries, na mambo yakageuka haraka. Kilimanjaro ilitoka mwaka 1996. Mwaka huohuo mshindani, ambaye baadaye alijiita Serengeti Breweries, alianza uzalishaji. Mwaka 2010 East African Breweries ya Nairobi ikanunua asilimia 51 ya hisa zake. Baa na grosari za Mpanda zikajaa majokofu, mabango na kalenda. Balimi ililenga wanywaji wa Kanda ya Ziwa, nayo ilikuta wateja wake wameshatangulia Katavi na mifugo yao. Eagle, bia ya mtama iliyoanzia Uganda mwaka 2002 kwa bei ya chini, ilionyesha kwamba viwanda vikubwa vilikuwa vikiutazama mtungi wa kienyeji kwa wivu: vilitaka nafaka yake na wanywaji wake.

Bia ya chupa ina sifa zake, na si busara kuzidharau. Maua ya hopsi, yanayotoka nje ya nchi, huipa uchungu na kuilinda. Kuchujwa na kupashwa moto huiwezesha kusafiri mwezi mzima bila kuharibika. Na chupa iliyofunguliwa Mpanda ina ladha ileile ya iliyofunguliwa Tanga. Kwa mnywaji aliyechoshwa na pombe iliyochacha, uhakika huo ulikuwa wa thamani. Gharama yake ilikuwa kwamba habari ya bia haikutoka tena kwa mpishi. Ilitoka kwa tangazo, na upya ulikuwa lebo mpya, ukubwa mpya wa chupa, au zawadi chini ya kizibo. Jokofu likabaki na aina saba au nane za bia nyepesi za dhahabu zinazofanana sana.

Wapishi wadogo wa mijini

Uchovu wa kufanana huko haukuwa wa Tanzania peke yake. Uingereza, mwaka 1971, wanywaji waliunda chama cha kutetea bia za mapipa dhidi ya viwanda vikubwa. California, mwaka 1976, Jack McAuliffe alianzisha New Albion, kiwanda kidogo kilichoundwa kwa vyombo chakavu, kikafilisika baada ya miaka michache lakini kikaigwa na mamia. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson alitoa mwaka 1977 kitabu kilichopanga bia za dunia kwa aina na nchi, na watu wakaanza kuzifuatilia bia kama wengine wanavyofuatilia ligi ya mpira. Ndipo ukazaliwa mtindo wa mpenzi wa bia anayetaka kujua kila wiki kuna nini kipya.

Afrika Mashariki wimbi hilo lilifika mijini kwanza. Nairobi ilipata baa zenye matangi yake ya kupikia, Brew Bistro ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na baadaye wapishi wadogo kama Bateleur na 254. Kampala ina Banange. Dar es Salaam ina Crafty Dee's. Wapishi hawa hupika kwa matangi madogo, hubadilisha kimea na hopsi, na bia ikiisha huenda isirudi. Bia hiyo mara nyingi haipashwi moto wala haichujwi sana, kwa hiyo haipendi safari ndefu wala joto. Mteja wake akiingia huuliza: wiki hii mna nini kwenye bomba?

Swali hilo linafahamika Mpanda. Ni lile la kilabuni, likiulizwa kwenye kiti kirefu zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Mpishi mdogo, pishi dogo, nafaka inayobadilika, kinywaji kisichosafiri, mteja anayelazimika kuuliza: vyote hivyo Katavi ilikuwa navyo kabla ya bia ya chupa, na haijaviacha. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye takribani kilomita 340, imefupisha safari, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 katika mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, zaidi kidogo ya maradufu ya idadi ya miaka kumi iliyotangulia. Wageni bado wanakuja, nao bado wanakuja na mitungi yao.

Tofauti iko kwenye heshima na kwenye usalama. Mpishi wa Dar es Salaam ana lebo, leseni na kipimo cha kileo. Mama wa kilabuni ana ushuru wa soko na jina linalojulikana mtaani tu. Karibu yake kuna gongo, iliyopigwa marufuku lakini haijaisha, inayoweza kupofusha au kuua. Serikali imekuwa ikipambana na vileo vikali vya bei nafuu. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilikatazwa nchini kote. Katika vita hivyo ni rahisi mtungi wa ulezi kutiwa kapu moja na gongo, ingawa hiyo ya kwanza huchachushwa tu na ya pili huchemshwa na kuvukizwa. Anayefuatilia pombe kwa dhati hujifunza tofauti hiyo mapema, na humuuliza mpishi kaweka nini kabla ya kuuliza bei.

Njia ya kati ipo. Banana Investments ya Arusha, iliyoanza mwaka 1993, ilichukua ujuzi wa pombe ya ndizi, ikaupima, ikautia kwenye chupa na kuuza kwa leseni. Katavi ina asali, na viongozi wake, akiwemo Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpimbwe, wamehimiza ufugaji wa nyuki kwa miaka mingi. Wanzuki uliopimwa na kufungwa vizuri unaweza kusafiri kwenye lami ileile inayoleta kreti.

Ikiwa siku hiyo itafika, suala litakuwa nani anatajwa. Historia ya bia ya chupa imeandikwa kwa majina: ndugu Hurst, kampuni, miaka, asilimia za hisa. Historia ya mtungi, ambayo ni ndefu zaidi na imelisha watoto wengi zaidi, haina jina hata moja la mpishi katika vitabu vya wasafiri, ingawa kila msafiri alikunywa. Mwekezaji atakayekuja kutafuta kichocheo cha wanzuki au cha pombe ya ulezi atakipata kwa wanawake hao. Ni haki awalipe kama wataalamu, na jina la aliyepika liandikwe kwenye lebo.